Jinzi Aliyotembea Nayo Mama Yako

Mwanangu Numbi,

Ukirudi utaikuta jinzi juu ya begi lako, imekunjwa, na karatasi hizi chini yake. Anza na karatasi. Ukianza na jinzi utadhani baba yako amefanya kichekesho, na kidogo utakuwa na haki.

Umekwenda Bel-Air kuwaaga rafiki zako. Ni Jumapili mchana, umeme umekatika tangu asubuhi, lakini hapa barazani mwanga unatosha. Kesho lori litakuchukua kwenda Mitwaba. Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji wala ya kulala ndani ya chandarua. Muuguzi ni wewe, na mambo hayo utawafundisha wengine. Habari ya barabara pia sina. Njia niliyoijua mimi niliipita kwa miguu, nikija upande huu, na wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako. Nataka kukusimulia sehemu ya mwisho ya njia hiyo, kwa sababu sijawahi kuisimulia, na aliyeiona pamoja nami tumemzika.

Unajua kwamba nilikuwa mwalimu. Mtaa mzima wa Katuba unajua, maana nimehakikisha unajua. Miaka yote hii nabadilisha zipu na kushona viraka hapa barazani, na bado mteja akiniita fundi sigeuki upesi. Akiniita Mwalimu nageuka. Hilo umeliona tangu utoto, na ulikuwa na adabu ya kutocheka.

Siku tuliyokimbia vita kutoka Mitwaba nilikuwa na suruali mbili. Moja ilikuwa ya kijivu, ya kufundishia, yenye mstari wa pasi mbele. Nyingine ilikuwa jinzi niliyokuwa nikilimia. Watu wengi walivaa nguo juu ya nguo ili mikono ibaki huru kwa watoto na vyungu. Mimi nilivaa ile ya kijivu peke yake, kwa sababu nilitaka kufika mjini nikiwa bado mwalimu. Jinzi nilimpa mama yako siku ya pili, miiba ilipokwisha kumchana miguu. Porini hakuna anayekimbia na kitenge. Kinanasa kwenye miiba, kinafunga magoti. Alikuwa hajavaa suruali maisha yake yote. Alikunja miguu ya jinzi mara kadhaa, akakaza kiuno kwa kipande cha kamba, akakufunga mgongoni, akatangulia mbele yangu.

Nakumbuka nilivyomtazama kutoka nyuma. Alikuwa akivuka magogo bila kusimama. Mimi nilikuwa nimeshika suruali yangu ya kijivu kwa vidole viwili, kila upande, kama mtu anayevuka dimbwi akienda misa. Wakati mwingine alisimama kuningoja. Nikimfikia, alitangulia tena. Ilikuwa ni mara ya kwanza mke wangu kutembea upesi kuliko mimi, na ingawa tulikuwa tukikimbia kuokoa roho, kuna sehemu ndani yangu ambayo haikupenda.

Tulifika pembezoni mwa Lubumbashi asubuhi, tukashuka kwenye lori lililotubeba kipande cha mwisho. Tulikuwa twende kwa binamu yangu, Bel-Air. Bomba la moshi la kiwanda lilionekana, na ule mlima mweusi wa takataka za shaba ambao nilikuwa nimewachorea wanafunzi ubaoni bila kuwahi kuuona kwa macho yangu. Badala ya kushukuru nilimtazama mama yako, nikaona suruali yangu mwilini mwake, na nikaanza kuona haya.

Nikamwambia, "Mama Numbi, simama kwanza. Vwala kitenge."

"Kitenge iko na maji. Ilianguka mu mutoni, ulisahau?"

"Vwala vile vile. Bantu ba Bel-Air batasema nini? Bibi ya Mwalimu na pantalon ya bwana yake?"

Akatazama huku na huku. Kulikuwa na ukuta wa matofali ya udongo ambao haujamalizika, na mbuzi aliyefungwa kwenye kisiki. "Bantu gani?" akasema. "Ile mbuzi tu njo inatuona. Na yeye hajavwala kintu."

Alikuwa anafanya mzaha. Baada ya njia ile yote bado alikuwa na mzaha. Nami sikucheka. Nilisema tena, kwa sauti ya darasani, ile unayoijua. Akakushusha mgongoni, akanipa nikushike, akaenda nyuma ya ukuta. Aliporudi kitenge kilikuwa kimemganda miguuni, kinatiririsha maji ya matope juu ya nyayo zake, na alikuwa akitetemeka, maana ilikuwa miezi ya baridi na unajua upepo wa asubuhi hapa ulivyo. Jinzi aliikunja vizuri akaiweka ndani ya beseni alilobeba kichwani. Tukatembea. Safari hii alikuwa nyuma yangu.

Mke wa binamu yangu alitupokea mlangoni. Kwanza alitazama miguu ya mama yako, iliyochanwa na miiba chini ya goti. Michubuko hiyo ilikuwa ya siku ya kwanza, kabla sijampa jinzi, lakini yeye angejuaje. Akaona kitenge kilicholowa, akapiga makofi kwa huzuni.

"Maskini. Mulitembea na kitenge mu pori? Weye Mwalimu, haukukuwa ata na pantalon ya kumupatia?"

Mwanamke huyo mwenyewe alikuwa amevaa suruali, Numbi. Suruali ya buluu, ya kufanyia usafi wa nyumba. Sijui kama utaamini kwamba kitu hicho ndicho nilichokiona kwanza, na kwamba nilitamani ardhi inimeze.

Mama yako alijibu kabla yangu. "Alinipatia," akasema. "Ilikuwa mukubwa kwangu."

Basi. Sentensi hiyo moja ilifunga jambo. Mwenye nyumba akacheka, akasema wanaume wa kaskazini ni warefu sana, akaingia kumchemshia maji ya kuoga. Mama yako hakunitazama. Hakuniambia neno juu ya asubuhi ile, siku hiyo wala baadaye, na mimi nikauchukua ukimya wake kama watu wanavyochukua zawadi, bila kuuliza ilimgharimu nini aliyeitoa.

Sasa yaliyobaki unayajua kutoka upande wako. Nitakuambia yalivyokuwa upande wangu.

Ulipofika umri wa kuanza kuwa mrefu, mama yako aliitoa ile jinzi kwenye sanduku akakutengenezea. Unakumbuka alivyoitengeneza? Aliishona kwa mkono, na hapa nyumbani kulikuwa na mashine na fundi. Nilikuwa nikipunguza suruali za mtaa mzima, lakini ya binti yangu ilishonwa uani, kwa sindano, juu ya jiwe, kwa vile aliyeishona alijua hawezi kuniomba. Nami nilijifanya sioni. Nilisoma kitabu changu barazani na kumsikia akivuta uzi.

Aliifumua nyuma, katikati ya kiuno, akaingiza kitambaa ndani hadi kikakuenea. Akapunguza miguu kwa mshono wa ndani. Chini akapandisha pindo pana, pana mno, lililokunjwa mara mbili. Hakukata kitu. Kila alichokipunguza alikilaza ndani na kukishikiza kwa mishono mirefu, ili mwaka ukipita afungue kidogo, na mwaka mwingine kidogo tena. Nilipokuwa nikitazama kazi yake kwa siri, kama fundi, nilisema moyoni kwamba mshono wake umepinda. Ulikuwa umepinda kweli. Lakini alikuwa amekuwekea mule ndani miaka yako yote iliyokuwa inakuja.

Halafu akaugua, na hatukuwa naye tena.

Matanga yalipokaribia kumalizika, wazee wa kwetu wanaoishi hapa mjini walikuwa waje nyumbani kuondoa kilio. Siku chache kabla, mmoja wao alipita barazani kuchukua koti lake. Ulikuwa unachota maji bombani, umevaa ile jinzi. Alikutazama, akaniambia polepole, kama anayeniambia nina doa shavuni, "Mwalimu, mutoto yako anavwala sawa mwanaume. Banamuke ba kwetu beko nakuya, weye unajua vile beko."

Hakusema zaidi ya hapo. Hakuniamuru kitu. Ningeweza kumjibu kwamba nguo ile ilikuwa ya marehemu, kwamba mikono ya marehemu imo ndani yake, na nadhani angenyamaza kwa heshima. Badala yake nilimshukuru. Kesho yake, ulipokuwa shuleni, niliitandika jinzi juu ya meza.

Kugeuza suruali kuwa sketi si kazi ngumu. Unafumua mshono wa ndani kutoka chini ya mguu mmoja, unapanda hadi kwenye makutano, unashuka mguu wa pili. Unailaza iwe bapa. Katikati, mbele na nyuma, panabaki nafasi ya pembetatu, na hapo unahitaji kitambaa cha kujazia. Fundi mwenye adabu hutafuta kipande kutoka jinzi nyingine. Mimi nilikuwa na haraka. Nilikata miguu juu ya pindo la mama yako, nikalikunjua pindo lenyewe, na nikatengeneza pembetatu zangu kwa kitambaa kile alichokuwekea. Uzi wake niliutoa kwa wembe na kuupuliza kutoka mezani. Nilipomaliza nilipiga pasi ya makaa, nikaitundika kwenye kiti, na, Mungu anisamehe, niliipenda. Mshono ulikuwa umenyooka.

Ukaja.

"Papa, jinzi yangu iko wapi?"

"Iko pa kiti. Nimekutengenezea."

Uliiinua kwa mikono miwili. Ulitafuta miguu. Niliona mkono wako ukiingia ndani, ukishuka, ukitafuta mahali mguu unapoanzia.

"Hii iko jupe."

"Njo jupe. Muzuri, sivyo?"

Ukaikunja, ukasema, "Asante, Papa."

Ulikuwa na sauti ya mama yako. Sisemi kwamba ilifanana. Nasema ndiyo hiyo hiyo, ile iliyosema kwamba ilikuwa kubwa kwake. Uliivaa sketi siku ya wazee. Wakakusifu. Yule mzee wa koti alinishika bega. Baada ya hapo sikuiona tena mwilini mwako, na suruali nyingine sikuziona pia, nikajiambia kwamba umekua, umetulia, kwamba nilifanya jambo dogo na limepita.

Hadi mwezi uliopita. Nilikwenda Bel-Air kupeleka mapazia kwa mteja. Nilipokuwa nikingoja basi la kurudi, nilisikia kicheko nikakijua kabla ya kumwona mwenyewe. Ulikuwa ng'ambo ya barabara na rafiki yako Mireille na wasichana wengine wa shule ya uuguzi. Ulikuwa umevaa jinzi, nyeusi, na mkono mmoja umeutia mfukoni. Ulikuwa ukimwigiza mtu, sijui nani, na wenzako walikuwa wameinama kwa kucheka. Nilikuwa sijakusikia ukicheka hivyo hapa nyumbani tangu matanga. Nilijificha nyuma ya mama aliyekuwa akiuza maandazi, mtu mzima na mvi zangu, nikakutazama mpaka mlipokata kona.

Nilitangulia kufika nyumbani. Jioni uliingia na sketi.

Nikakuuliza, "Mulishinda muzuri?"

"Muzuri, Papa."

Nikaelewa kwamba kwa Mireille kuna nguo zako. Kwamba kila siku, kabla ya kufika kwa baba yako, unapita mahali unabadilisha. Pengine nyuma ya mlango, pengine nyuma ya ukuta. Mama yako alibadilisha mara moja, na mimi nilikuwepo kumwamuru. Wewe sikuwa nimekuamuru kitu. Ulishajifunza mwenyewe, kutoka kwangu, mahali pa kusimama kabla ya kufika.

Sijui namna ya kukuandikia aibu niliyoisikia usiku ule, na sitajaribu. Nitakuambia tu kitu nilichokitafuta nikashindwa kukipata. Nilijaribu kumkumbuka mtu mmoja aliyewahi kunidai nifanye niliyoyafanya. Mke wa binamu yangu angefurahi kumwona mama yako na suruali. Mbuzi hakujali. Mzee wa koti alisema neno akaenda kula bukari yake, na nadhani alilisahau kabla hajamaliza. Hao watu niliowaogopa nimewatafuta njia nzima, kutoka kwenye ule ukuta mpaka hapa barazani, na simkuti hata mmoja. Nilikuwepo mimi tu.

Kwa hiyo wiki hii, kila ulipotoka, nilikuwa na kazi. Sketi niliikuta chini ya sanduku lako, imekunjwa vizuri. Hukuwa umeitupa, hilo nalo lilinichoma. Nilifumua pembetatu zote mbili. Nilirudisha miguu, mshono wa ndani, kutoka makutano kushuka. Makutano ndiyo magumu. Pale mishono minne inalala mmoja juu ya mwingine, na sindano ya kawaida inavunjika. Nilivunja kadhaa, kisha nikapalainisha kwa nyundo na kuzungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja moja. Nyuma ya kiuno nikakuta kwamba sehemu hiyo sikuigusa wakati ule: kitambaa alichokilaza mama yako bado kilikuwepo, na uzi wake, umepinda vile vile. Nikakifungua, kwa sababu umekuwa mwanamke na kiuno kinahitaji nafasi. Uzi wake nimeuacha upande mmoja, mahali ambapo haukuwa na haja ya kutoka. Ukiingiza kidole utaugusa.

Vipimo nimevichukua kwenye sare yako iliyokuwa kwenye kamba. Nilipaswa kukuuliza. Nilisimama mlangoni kwako na futi shingoni mara nyingi, na kila mara nikasema nimekuja kutafuta mkasi.

Ilibaki miguu. Nilikuwa nimeikata mifupi, na zile pembetatu hazikuweza kurudi kuwa pindo. Nilikuwa nimezikata mshazari. Ungevaa jinzi inayoishia katikati ya muundi. Nikatafuta kitambaa. Katika sanduku langu kulikuwa na ile suruali ya kijivu. Unaijua, ndiyo ninayovaa misa na mikutano ya wazee, na mstari wake wa pasi haujapotea tangu Mitwaba. Niliitoa barazani nikaikata.

Jirani yetu Mama Chantal alikuwa akianika nguo, akachungulia juu ya ukuta.

"Mwalimu, juu ya nini unapasua pantalon ya misa?"

"Ninaitengeneza."

"Kutengeneza njo kukata? Sasa dimanche utaenda misa na nini, na kaptula?"

"Nitaenda na hii ya kazi."

"Ee, Mungu ataona magoti ya Mwalimu," akasema, akacheka hadi akaangusha kibanio. Asubuhi ya leo nimekwenda misa na suruali ya kazi. Ina kiraka kwenye goti la kushoto. Yule mzee wa koti alikaa benchi la nyuma yangu. Hakuna kilichotokea.

Basi, utakapoikunjua utaona kwamba kuanzia katikati ya muundi jinzi yako ni ya kijivu. Nimejaribu kulinganisha mishono pande zote mbili, lakini rangi haziwezi kulingana, na jinzi ni nzito kuliko kitambaa changu, hivyo pale zinapoungana pamejikunja kidogo. Kila mtu ataona kwamba imeungwa. Ndani nimekunja pindo pana na sikukata kitu. Njia ya kwenda kule ina vumbi, na mvua ikianza ina matope. Sehemu itakayochafuka kwanza ni ile ya kijivu. Nimefikiri juu ya jambo hilo nilipokuwa nikishona, na nimeridhika nalo.

Sikuombi uivae kesho. Una haki ya kupanda lori na nguo yoyote, hata ile nyeusi ya kwa Mireille. Nitakubebea begi mpaka kituoni, tutapita njia kubwa, kati ya watu, na ukitaka nitatembea nyuma yako.

Ninaomba kitu kimoja tu. Ijaribu usiku huu kabla hujalala. Ikikubana, au ikikupwaya, au ukiona haya kuivaa, uje kwangu uniambie machoni. Sema, Papa, umeharibu. Nitaifumua tena, mashine iko mezani na uzi umo. Usinifunike. Nimefunikwa vya kutosha katika nyumba hii, na waliokuwa wakisikia baridi walikuwa wengine.

Na huko Mitwaba, akitokea mzee anayemkumbuka mke wa mwalimu aliyeondoka na mtoto mgongoni, akikuuliza alifikaje mjini, usimwambie maneno aliyoyasema mlangoni Bel-Air. Mweleze ukweli, kwa kuwa sasa unaujua, na uusimulie ukiwa umesimama hapo hapo alipoanza safari. Alivaa jinzi ya mumewe. Haikuwa kubwa kwake. Ilimwenea, Numbi, na alitembea nayo vizuri, mbele yangu.

Papa yako